Neno "dada" lilivyoniponza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia, anataka kuanza kazi ya kutafsiri. Nikaanza kumjibu, nikajikuta namsimulia kazi ambayo hadi leo inaniuma.

Nilipewa maandishi ya chini ya video, mahojiano ya familia ya Kigujarati, yaonyeshwe kwenye shughuli ya ukoo. Yalikuwa ya Kiingereza, ila neno "Dada" liliachwa lilivyo. Mama mmoja anasema Dada alifungua duka saa kumi na mbili kila asubuhi, na hakuna aliyethubutu kukalia kiti chake. Nikaandika "dada yangu". Kiingereza, kwa kiwakilishi "his", kilionyesha wazi kuwa mwenye kiti ni mwanamume. Nilikiona kiwakilishi kile, nikasema aliyechapa kakosea. Kiswahili nacho, "kiti chake" hakibagui mume na mke. Kosa likapita.

Kwa Kigujarati, dada ni babu mzaa baba. Marehemu mwenye duka nimemgeuza mwanamke mbele ya wajukuu zake! Waliniambia kwa upole. Kazi hawakunipa tena.

Mtafsiri mwenzangu, uliza. Baada ya aibu ile nililifuatilia neno hilo. Kibengali humwita kaka mkubwa dada. Kwa Wayoruba, Dada ni mtoto aliyezaliwa na nywele zilizojisokota zenyewe. Watoto wa Kifaransa humwita hivyo farasi, na mwaka 1916 wasanii wa Zürich walilifanya jina la harakati yao. Mwanaisimu Roman Jakobson alieleza siri ya maneno ya jinsi hii: mtoto huanza na silabi nyepesi, wakubwa ndio huzipa maana, kila jamii kivyake. Kwa Kigeorgia, "mama" ni baba mzazi.

Maneno marefu ya kisheria hayajawahi kuniangusha, maana hayo nayapeleka kwenye kamusi. Lililoniangusha nimelijua tangu sijaota meno. Nani hufungua kamusi kutafuta "dada"? Ndiyo maana nasema uliza, hata unapojua. Hasa unapojua. Na sentensi ikikupinga, usimsingizie aliyechapa.

Sasa kazi yoyote yenye ukoo ndani yake, kabla sijagusa mstari wa kwanza, namwomba mteja aniandikie nani ni nani: babu wa upande gani, shangazi au mama mdogo, yu hai au amefariki. Wapo wanaolalamika kuwa nawachelewesha. Nawasubiri mpaka waandike.