Kizimba ufukweni au maji marefu?

Mkuu, umeuliza kwa nini Wanorwei wanahangaika kupeleka vizimba vya samaki bahari kuu wakati ghuba zao zimetulia, na kama sisi wa Ziwa Victoria tuna haja ya kuwaiga. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Vizimba vyangu viwili vya kwanza vya sato niliviweka ghubani, upande wa Mwanza, kina cha mita nne hivi. Nilipapenda kwa kuwa mlinzi aliviona akiwa amekaa mlangoni. Mwaka wa pili, baada ya siku tatu za mawingu bila upepo, nikapigiwa simu saa kumi na moja alfajiri. Nilikuta samaki wote wako juu, midomo nje, wanahema, mlio kama wa mvua ya rasharasha. Saa tatu wengi walishaelea matumbo juu. Nilikuwa na jina la jirani kichwani, nikimshuku yeye, Mungu anisamehe. Kumbe mabaki ya chakula na kinyesi vilijazana chini ya kizimba miezi yote, vinaoza na kumaliza oksijeni, na usiku mwani nao unaivuta hiyohiyo. Mkondo wa kuleta maji mapya haukuwepo.

Norwei hadithi haiko mbali na hiyo, ila wao wana pia chawa wa samaki wanaohama shamba hadi shamba ndani ya fiyodi, yaani zile ghuba zao ndefu nyembamba. Ndugu wawili wa ukoo wa Grøntvedt walipoweka samoni kizimbani kule kisiwa cha Hitra mwaka 1970, nafasi ilikuwepo. Sasa pamejaa, ndiyo maana ikaja Ocean Farm 1, kizimba kikubwa cha bahari kuu, iliyojengwa Qingdao, China, na kufika Norwei 2017. Upana wake mita 110, imepangiwa samaki milioni moja na nusu. Ile ni chuma, ufundi wa watu wa mafuta ya baharini: sehemu kubwa imezama, hivyo wimbi halina pa kuishika sawasawa.

Sisi hatuhitaji dude hilo. Nilisogea tu hadi kina cha mita 12, na vifo vya namna ile sijaviona tena. Mateso yakawa mengine. Nanga za viroba vya mchanga ziliburutwa na upepo wa mwezi wa saba. Sasa natumia matofali ya zege, kamba mara tatu ya kina, na boya katikati ili lipokee mvuto kabla haujafika kwenye kizimba. Chakula kinachoelea nacho kilikuwa kinasombwa nje kabla samaki hawajakifikia, hadi nilipozungushia wavu wa matundu madogo pale juu. Mlinzi sasa analala majini, na mshahara wake umepanda.

Kabla hujanunua wavu, azima kipima oksijeni uende unakotaka kuweka kizimba, alfajiri, siku isiyo na upepo. Mchana kila ghuba ni nzuri.