Mtoto bonge mwenye pumu ya ngozi: mwacheni ale samaki, soda ndiyo iondoke

Kina mama wenzangu wa huku Mtwara wakisikia mwanangu ana ukurutu, yaani pumu ya ngozi, swali ni lilelile: nimwachishe nini? Dagaa? Mayai? Pweza? Jibu langu ni soda.

Ugonjwa wenyewe ulimwanza mashavuni akiwa mchanga, baadaye ukahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Upande wa baba yake kuna pumu, kwa hiyo asili ipo. Unene ulikuja baadaye, na mtaani ukapokelewa kwa shangwe: "Mtoto kanona huyo!" Daktari ndiye aliyetuambia mambo hayo mawili yanajuana. Tafiti kadhaa zimeona watoto wanene, hasa walionenepa wakiwa wadogo sana, wanapata pumu ya ngozi zaidi ya wenzao. Mafuta yaliyozidi mwilini hutoa kemikali zinazochochea uvimbe. Ongeza na jasho la joto letu linalotuama shingoni na mapajani. Wembamba nao wanaugua, tena wengi, kwa hiyo mtu asimsimange mtoto kwamba kajitakia.

Lakini muwasho nao unanenepesha. Mtoto anayejikuna usiku kucha anaamka kachoka, anataka vitamu, na kukimbia hataki kwa sababu jasho linamuwasha. Ndiyo maana mimi nasema anzeni na ngozi. Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na manukato, taulo la kugusisha tu bila kusugua, kisha vaselini ya kutosha ngozi ikiwa bado na unyevu. Dawa ya kupaka iwe ya daktari, kwa siku alizosema. Zile tyubu za mchanganyiko za dukani nyingi zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe: wekundu unaisha upesi, ngozi inabaki nyembamba. Vidonge na sindano za steroidi za mara kwa mara ndizo mbaya zaidi, maana zinaongeza uzito na kuvimbisha uso.

Chakula hatukumkata. Mtoto anakua, mwache arefuke huku uzito ukipanda polepole, na mchoro wa kadi ya kliniki utakuonyesha. Samaki, mayai, kisamvu cha nazi, ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha, vyote anakula. Kumnyima samaki bila daktari kuthibitisha mzio ni kumwonea. Vilivyoondoka ni soda, juisi za unga na biskuti. Kipindi kigumu ni msimu wa korosho, kuanzia Oktoba: baba zake wadogo wakishauza huko Tandahimba, wanakuja na katoni nzima ya soda, na kukataa mbele ya wakwe kunataka moyo.

Korosho zikichomwa, naye akae mbali. Mafuta ya ganda yanaunguza hata ngozi nzima, sembuse yake. Jioni anacheza ufukweni Shangani, akitoka baharini anasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupakwa mafuta papo hapo. Ukiona usaha, malengelenge au homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.