Mwalimu ameniambia niiandike barua mwenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, niko mwaka wa mwisho wa sekondari na ninaomba nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani, ambavyo vinataka barua za mapendekezo kutoka kwa walimu wawili. Mwalimu wa fizikia, somo ninalolifaulu kuliko yote, amekubali, lakini anataka niiandike mwenyewe, naye atie sahihi tu. Fomu nayo inaniuliza kama ninaachilia haki yangu ya kuisoma barua hiyo. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, usiiandike, hata kama mwalimu amesema hivyo kwa nia njema. Chuo kinatafuta sauti ya mtu aliyekuona darasani, na barua uliyojitungia itafanana na insha yako ya maombi, ambayo afisa wa chuo anayeisoma barua anayo pia mezani. Akigundua, maombi yote yanaingia doa.

Mara nyingi mwalimu anayejibu hivyo amezidiwa na kazi au hakumbuki mambo mahususi ya kukuhusu. Mrudie kwa adabu ukiwa na ukurasa mmoja wa kumbukumbu: jaribio lililokushinda ukalirudia, swali lililozua mjadala darasani, mwenzako uliyemsaidia, kozi unayoiomba na tarehe za mwisho. Mwambie, “Mwalimu, ningependa barua iwe ya maneno yako, nimekuletea haya ili yakurahisishie.” Akishikilia msimamo wake, mshukuru na umwendee mwingine, pengine yule ambaye somo lake lilikutoa jasho, kwa sababu alama zako za juu chuo kitaziona kwenye matokeo, ilhali namna ulivyopambana hakuna karatasi nyingine itakayoieleza.

Kuhusu haki ya kuisoma barua, sheria ya Marekani ya mwaka 1974 iitwayo FERPA humruhusu mwanafunzi kuona kumbukumbu zake katika chuo alichokwisha kujiunga nacho, kwa hiyo hata usipoiachilia, barua hutaiona kabla ya uamuzi, na chuo kilichokukataa hakiwajibiki kukuonyesha. Hakuna anayeruhusiwa kukulazimisha kuiachilia. Hata hivyo nakushauri uiachilie, kwa kuwa barua ambayo mwombaji hataisoma huaminiwa zaidi, na kama unaogopa atakachoandika mwalimu, basi huyo si wa kumwomba.

Kabla ya kumchagua mwalimu wa pili, soma masharti ya kila chuo. MIT, kwa mfano, hupendekeza barua moja itoke kwa mwalimu wa hisabati au sayansi na nyingine kwa mwalimu wa lugha, historia au masomo ya jamii. Ukitumia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja, jibu swali la FERPA kwanza, kisha uandike barua pepe ya mwalimu bila kukosea herufi, maana yeye ndiye atakayetuma barua moja kwa moja, na barua hiyo moja inaweza kwenda kwenye vyuo kadhaa. Maombi ya mapema mengi hufungwa tarehe 1 Novemba na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Mpe mwalimu walau mwezi mzima, umkumbushe kwa upole wiki mbili kabla, na majibu yakitoka, yawe ya kukubaliwa au ya kukataliwa, mpelekee habari wewe mwenyewe.