SDS haikati protini, inaifumua

Je, SDS (sodium dodecyl sulfate), sabuni kali ya maabara, huikata protini vipande? Hapana, haiikati. Mkia wake wa mafuta unajichomeka kwenye sehemu zinazokwepa maji, zile zilizojificha ndani, na kichwa chenye chaji hasi kinabaki nje. Molekuli za SDS zikijazana, chaji zinasukumana na mkunjo unaachia. Wanasayansi Reynolds na Tanford walipima mwaka 1970: gramu 1 ya protini hubeba kama gramu 1.4 za SDS. Ndiyo maana kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa umeme, protini zinapangika kwa ukubwa: chaji yake ya asili inamezwa na ile ya SDS.

Ila usidhani inabaki uzi mnyoofu kama michoro ya darasani inavyodanganya. Heliksi za alfa (sehemu za protini zilizojisokota kama springi) nyingi hubaki, nyingine hata hujitengeneza upya, na sabuni huishikilia protini kwa mafungu mafungu kama shanga kwenye uzi.

Vifungo vya salfa vinavyounganisha sehemu za protini, SDS haiviwezi. Hapo tia DTT, kemikali inayovunja vifungo hivyo, kisha chemsha. Protini za utando wa seli ndizo korofi: kiasi cha SDS zinachobeba hutofautiana, kwa hiyo mstari wake kwenye jeli unaweza kukaa pasipo pake. Triton X-100, sabuni nyingine ya maabara, ni habari tofauti: haina chaji na kwa kawaida umbo linasalimika.