Usiianike VR juani! Mimi niliunguza vioo vyote viwili nikiwa Moshi

Mkuu, kabla ya lolote, hiyo miwani ya VR (ile unayovaa usoni ukajiona uko ndani ya gemu) uliyoipiga picha imelala dirishani lenzi zikitazama juu, itoe hapo sasa hivi. Usingoje umalize kusoma. Inuka, igeuze kifudifudi, ifunike hata na fulana, halafu rudi tuongee.

Kwa wanaoingia sasa: mdau ana banda la gemu Ngarenaro, Arusha. Juzi kaongeza miwani ya PlayStation VR2 kwenye PS5 yake, mashine ya gemu ya Sony, na kauliza mambo manne: aanze na gemu zipi, wateja wakipata kizunguzungu afanye nini, chumba cha mita mbili kwa tatu kinatosha, na gemu za VR alizokuwa nazo toka enzi za PS4, mashine iliyotangulia PS5, zitasoma? Mwisho kabisa, kama kitu kidogo tu cha kupitisha, kaandika kwamba jasho la wateja linaacha harufu kwa hiyo "kila asubuhi naianika dirishani jua liipige kidogo". Hapo ndipo nilipoacha chai yangu ikapoa. Maneno hayo niliyasema mimi, nikiwa na furaha kama yako, na yalinigharimu mtaji.

Banda langu liko Pasua, Moshi. VR2 ilitoka Februari 2023, nami ya kwangu niliipata mwishoni mwa mwaka huohuo zamu yangu ya upatu ilipofika. Milioni moja na laki sita, kupitia duka moja la Arusha. Mke wangu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia hii italipa ada za watoto. Na kweli, wiki za mwanzo ililipa! Elfu mbili kwa dakika kumi, na foleni ilifika mlangoni kwa fundi cherehani jirani. Uzuri wake ni kwamba TV inaonyesha kile anachokiona aliyevaa, kwa hiyo kumi wanashangilia wakati mmoja anacheza. Mama anayeuza ndizi choma pale kona alivaa akakaa kwenye gari ya Gran Turismo 7, ilipofika kona kali akapiga kelele "nishushe!" huku ameshika kiti kwa mikono miwili. Siku hiyo banda lilijaa mpaka usiku.

Sasa Januari ya Moshi unaijua. Bati juu, watu ishirini ndani, feni moja. Kila aliyevaa alivua uso ukiwa umelowa, na ile raba nyeusi inayozunguka macho ikaanza kunuka. Mteja mmoja wa kike alinirudishia bila kucheza. Nikaona aibu. Nikampigia simu yule aliyeniuzia nimuulize inasafishwaje. Akanijibu, na nayakumbuka maneno yake kama yalivyo: "Kaka, we ianike tu juani nusu saa, jua ni dawa, linaua wadudu wote."

Jua ni dawa! Mtu anauza kifaa cha zaidi ya milioni na nusu, hajawahi kufungua hata kijitabu cha usalama kilichomo ndani ya boksi, ambacho kinakataza waziwazi kuacha lenzi zipigwe na jua. Mimi nacho nilikifungua. Onyo la umri nililiona, ndiyo maana watoto wa chini ya miaka 12 nilikuwa nawarudisha. La jua sikulifikia, kwa sababu nilikuwa na mtu ninayemwamini kwenye simu. Yeye si wa peke yake. Kuna video kibao za watu wanaojiita wataalamu, wanaonyesha godoro, viatu na helmeti za bodaboda zikianikwa, halafu wanamalizia na "hata VR yako". Helmeti haina lenzi, jamani! Anayetoa ushauri wa namna hiyo kwa kitu ambacho hakukinunua yeye, mwogopeni.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Niliiweka kwenye kiti cha plastiki nje ya mlango, raba juu, ndani ikitazama mbinguni ili jua liingie vizuri. Nikaenda kununua umeme na kumsubiri mtu aliyekuwa ananiletea padi za kuchezea gemu. Sidhani kama nilimaliza dakika ishirini. Nikarudi, nikaigusa, imepata joto zuri, harufu imeisha kabisa. Nikafurahi.

Jioni mteja wa kwanza akaniambia, "Kaka, kioo kina uchafu." Nikafuta. Akasema bado. Nikafuta tena kwa kitambaa cha miwani. Akasema bado. Nikaivaa mwenyewe. Jicho la kushoto kulikuwa na mstari wa manjano uliopinda, mwembamba, kama njia aliyopita konokono ukutani. Jicho la kulia kulikuwa na doa karibu na katikati, kama tone la mchuzi wa maharage lililodondokea shati jeupe. Nikageuza kichwa kushoto, doa likaja. Nikatazama juu angani ndani ya gemu, doa liko angani. Nikatazama barabara, liko barabarani. Ukiona doa linakufuata kila unakogeuka, ujue doa hilo haliko kwenye gemu wala kwenye lenzi, liko kwenye kioo chenyewe, na hakuna kitambaa cha kulifuta.

Nilikuja kuelewa baadaye kwa nini, na nataka nawe uelewe, maana ukielewa hutahitaji kukumbushwa. Mbele ya jicho lako kuna lenzi, nyuma ya lenzi kuna kioo kidogo cha picha kama cha simu, kimoja kwa kila jicho, kila kimoja kina vidoti 2000 kwa 2040. Kioo hicho kiko sentimita chache tu kutoka usoni, na jicho la mtu haliwezi kusoma kitu kilicho karibu hivyo. Kazi ya lenzi ni kukifanya kionekane kiko mbali, na ili iweze, kioo lazima kikae karibu kabisa na ile sehemu ambayo lenzi inakusanyia mwanga. Sasa geuza safari. Jua likiingia kutoka upande wa macho, lenzi inalikusanya lote na kulitua palepale kilipo kioo. Ni ule mchezo wa shule ya msingi, kioo cha kukuzia na karatasi, mpaka moshi unatoka. Umejitengenezea hicho kitu mara mbili, kushoto na kulia, na badala ya karatasi umeweka pesa zako.

Usidhani lenzi yake ni bapa kwa hiyo haina nguvu. Ichukue chumbani, iinamishe kidogo kwenye taa, utaona miduara miduara myembamba kama ya santuri. Hiyo miduara ndiyo inayofanya kazi ya lenzi nene kwenye unene mdogo. Ni lenzi kamili.

Na ule mstari uliopinda ulitoka wapi? Jua linatembea. Nukta ya moto nayo inatembea juu ya kioo polepole, inaunguza inapopita. Kwa hiyo nilichoachiwa ni kama saa ya ukutani, naweza kukuonyesha ilipoanza na ilipoishia. Haijalishi kama imezimwa, haijalishi kama haijachomekwa kwenye PS5. Kinachounguza hapa ni jua, umeme hauhusiki. Na vioo vya VR2 ni OLED, kila kidoti kinajiwashia mwanga wake chenyewe. Kikiungua kimeungua.

Wapo watakaosema hapa chini, "mbona mimi naweka dirishani miezi na haijaungua?" Umeponea pembe. Jua halijalenga lenzi sawasawa, au dirisha lako halipigwi, au ni Juni na Julai ambapo huku kwetu mawingu yanaweza kukaa siku nzima na unavaa sweta mpaka mchana. Ngoja mawingu yaondoke. Mtakaocheka chekeni, lakini chekeni mkiwa mmeshafunika lenzi zenu.

Nilipompigia yule muuzaji, alibadilika kama hanijui. "Waranti haihusiani na jua, wewe ndiye uliyeianika." Nikamwambia, aliyeniambia niianike ni nani? Akakata simu. Nikapanda basi na boksi mapajani, Moshi mpaka Arusha, kilomita themanini hivi, nikasimama mbele ya kaunta yake. Akaangalia, akatikisa kichwa, akasema pole. Pole! Sijawahi kusikia neno hilo likiwa jepesi namna ile. Nikaenda kwa fundi anayebadilisha vioo vya simu, kijana mstaarabu sana, akaivaa, akavua taratibu, akanieleza kwamba spea ya kioo hicho hana pa kuipata, na akifungua anaweza kuharibu hata kilichobaki. Hakunichukulia hata shilingi. Nilirudi Moshi jioni nikiwa nimekaa dirisha la kushoto, mlima umefunguka mpaka kileleni, wala sikuutazama.

Wateja nao wana macho. Elfu mbili ikawa elfu moja, elfu moja ikawa mia tano, halafu wakarudi kwenye padi na mpira kama zamani. Mimi niliendelea kuchangia upatu wa wenzangu miezi saba kwa kitu ambacho kilikuwa kimekaa juu ya kabati. Ukitaka kujua uchungu, uko kwenye ile miezi saba. Kila tarehe tano unatoa pesa, unatazama juu ya kabati.

Kwa hiyo sheria ni moja: LENZI ZISIONE JUA. Dirishani hapana. Kwenye kiti hapana. Kwenye dashibodi ya gari hapana, hata kama gari imefungwa vioo. Mezani karibu na mlango unaopigwa na jua la jioni hapana. Hata dakika mbili za kupokea simu, hapana.

Harufu inatibika bila jua. Ile raba nyeusi inatoka, ivute taratibu itaachia. Toa raba peke yake, miwani ibaki ndani. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo, iache ikauke kivulini kwenye upepo. Lenzi zifute na kitambaa laini kikavu tu, usiweke spiriti wala sanitaiza. Wateja wapanguse uso kabla ya kuvaa. Mimi ningeanza upya leo ningeweka taulo ndogo ndogo hapo mlangoni, na asiyetaka kujifuta asivae. Ukimaliza kazi, ndani ya boksi. Boksi liko mbali? Shona kifuniko cha kitambaa cheusi kizito, kiingie kwenye lenzi kama kofia, kifungwe kwa kamba kwenye miwani yenyewe ili kisipotee. Fundi cherehani jirani yangu alinishonea kimoja kwa elfu tatu. Elfu tatu, mkuu. Nilikuwa nimekaa ukuta mmoja naye muda wote.

Na kuna kitu kingine kwenye picha yako ambacho hakuna aliyekitaja. Katikati ya paa lako umeweka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga ili usiwashe taa mchana. Wengi tunafanya hivyo, bili ya umeme inauma. Sasa tazama sakafuni, ule mraba mweupe wa jua. Saa tatu uko ukutani, saa sita utakuwa juu ya meza, na meza ndipo mteja anapoitupa miwani akimaliza zamu yake. Anaiweka vipi? Wote wanaiweka hivyohivyo, chali, lenzi juu. Nimewaona mamia. Kwa hiyo hata ukiitoa dirishani, hilo bati litakufanyia kazi ileile kutoka juu. Lipake rangi au hamisha meza leo. Mita mbili kwa tatu inatosha, Sony wanataka angalau mbili kwa mbili kwa gemu za kutembea, lakini isiwe mbili kwa tatu yenye jua katikati.

Gemu za VR za PS4 hazisomi kwenye VR2, labda zile ambazo watengenezaji wamezitolea toleo jipya. Usimruhusu mtu akuuzie diski za zamani kwa kukwambia zitasoma. Kama ni yule wa duka ninayemdhania, ukimwona mwambie wa Pasua bado anamkumbuka.

Hayo mengine tutaongea. Kwanza niwekee hapa picha ya pili, dirisha likiwa tupu na miwani ikiwa ndani ya boksi.