Uzito wa mwili baada ya kiharusi: maswali yenu

Mama ana kilo 96. Alipata kiharusi mwezi uliopita na upande wa kulia hauna nguvu. Majirani wanasema tumbanie chakula apungue haraka. Ni sawa?

Hapana, dada yangu. Unene unaweza kuwa ulichangia kumfikisha hapo, kupitia presha na kisukari. Lakini ukimshindisha na njaa sasa, hayatoki mafuta peke yake; nyama ya mapaja nayo inakwenda, na mapaja hayo ndiyo yatakayomwinua kitandani. Mpe mayai, dagaa, maharage. Punguza soda, vya kukaanga na chumvi: kwa siku nzima isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Mambo ya kupunguza kilo mpange na daktari wake, nguvu zikianza kurudi.

Kwa hiyo wanene ndio wanaopona vizuri?

Zipo tafiti zilizoona wagonjwa wanene kiasi wakiishi muda mrefu kuliko waliokonda. Ila aliyekonda mara nyingi alikuwa na maradhi mengine tangu mwanzo. Usimnenepeshe mtu kwa sababu hiyo.

Baba alipata kiharusi miezi miwili iliyopita. Shati linampwaya, na chakula anakisukuma pembeni. Tunadhani ni majonzi tu.

Huyu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote. Majonzi yanaweza kuwepo, na yanatibika, lakini kwanza mtazame anavyomeza. Je, anakohoa akinywa maji? Sauti inakuwa kama ina maji kooni? Ukimfungua kinywa, ugali umebaki kwenye shavu la upande uliopooza? Basi koo limeathirika, na chakula kikiingia kwenye mapafu huleta nimonia. Mpelekeni hospitali apimwe kumeza, wiki hii hii. Wakati huo huo asile akiwa amelala: aketi wima, mpe kijiko kidogo kidogo, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Akiwekewa mrija wa puani wa kumlishia msikate tamaa. Wengi huutoa baadaye.

Mgonjwa wetu hawezi kusimama kwenye mizani. Tutajuaje anapungua?

Chukua futi ya fundi cherehani, pima mkono wa juu, ule mzima, kwa sababu uliopooza unaweza kuvimba. Pima palepale kila wiki mbili, uandike kwenye daftari lake la kliniki.