Dawa ya viungo na hofu ya saratani

SWALI: Shikamoo daktari. Nashona kofia hapa Langoni, Lamu. Nina baridi yabisi. Vidole vilikuwa havishiki sindano mpaka nilipoanza methotreksati, vidonge 6 kila Jumatatu. Sasa jirani aniambia dawa hizi zaleta limfoma, saratani ya tezi. Niziache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiziache, nakuomba. Jirani ameshika nusu ya habari. Baridi yabisi yenyewe, viungo vikiwaka miaka na miaka bila kutulizwa, huongeza hatari ya limfoma, takriban mara 2 ya watu wengine. Hata hivyo wengi hawaipati kamwe. Dawa nazo zina lawama yake: azathioprini, dawa nyingine ya viungo, huongeza hatari kidogo, na wachache wanaotumia methotreksati hupata limfoma ambayo pengine, dawa ikisimamishwa, hunywea. Lakini asimamishe daktari, si wewe.

Ukioga, papasa shingo, makwapa na kinena. Ukiona mtoki usiouma na usiopungua, homa, jasho la usiku la kulowesha shuka, au unakonda bila sababu, nenda upimwe upesi. Waangalie na TB ya tezi, maana hufanana sana.

Na hiyo Jumatatu yako ishike hivyo hivyo, mara 1 kwa wiki. Nimemhudumia mama aliyemeza kila siku. Alikuja mdomo umejaa vidonda, hata maji hayapiti.